Opera: Sauti kubwa zilizolelewa katika nyumba ndogo

MMOJA alikuwa mtoto wa muoka mikate. Wa pili, baba yake aliuza barafu na makaa ya mawe. Wa tatu alizaliwa na mkunga na kibarua wa kiwanda cha mbao. Wa nne alikulia katika kitongoji cha watu weusi kwenye mji mdogo wa Afrika Kusini, akiwa na ndoto ya kuwa mhasibu.

Wote wanne walikuja kusimama kwenye jukwaa la Metropolitan Opera mjini New York, Marekani, moja ya majukwaa makubwa kabisa ya opera duniani.

Opera ina sifa ya kuwa starehe ya matajiri: wanaume wenye suti nyeusi, wanawake wenye lulu shingoni, na mtu mnene anayeimba kwa lugha isiyoeleweka. Sifa hiyo si uongo mtupu, maana tiketi za kumbi kubwa ni ghali. Lakini ukifuatilia maisha ya waimbaji wenyewe, mara nyingi unakuta safari ilianzia sebuleni, kwenye kwaya ya kanisa la mtaani, au kwenye santuri za baba.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayeimba kutwa nzima mpaka majirani wanalalamika, maisha ya watu hawa yana la kufundisha. Na kwa familia inayotafuta kitu kipya cha kusikiliza pamoja jioni, sanaa yenyewe haina ugumu unaodhaniwa.

Opera ni nini hasa?

Opera ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa, ukisindikizwa na okestra. Ilianza Italia mwishoni mwa miaka ya 1500, kwenye majumba ya watawala. Mwaka 1637 mjini Venice ulifunguliwa ukumbi wa San Cassiano, ambao mtu yeyote mwenye fedha ya tiketi aliweza kuingia. Tangu hapo opera ikatoka ikulu ikawa burudani ya mjini.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba, kwa kawaida, mwimbaji wa opera hatumii kipaza sauti. Ukumbi wa Metropolitan una viti takribani 3,800, na kati ya mwimbaji na watazamaji kuna okestra nzima inayopiga. Sauti yake peke yake lazima ivuke yote hayo imfikie aliyekaa kiti cha mwisho kule juu.

Hilo halifanyiki kwa kupiga kelele. Wataalamu wa sauti wamepima na kuona kwamba nguvu kubwa ya okestra iko kwenye mitetemo ya karibu 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefundishwa, hasa mwanamume, hukusanya nguvu ya sauti yake karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imepungua na sikio la binadamu linasikia vizuri. Ni kama dereva anayejua njia ya uchochoroni wakati barabara kuu imejaa magari. Kuijua njia hiyo huchukua miaka ya mazoezi ya pumzi na koo.

Kwa aliyewahi kuimba kwaya, mgawanyo wa sauti hautampa shida. Soprano ndiyo sauti ya kwanza, na mara nyingi ndiye binti anayependwa. Sauti ya pili, ambayo kwenye opera huitwa mezo-soprano, huwa mpinzani wake, mama, au mpiga ramli. Tenori, yaani sauti ya tatu, ni kijana mpenzi. Baritoni huwa baba au hasimu. Besi ni wafalme, makuhani na wazee.

Hata ule wimbo wa Haleluya ambao kwaya nyingi za Afrika Mashariki huuimba wakati wa Krismasi na Pasaka ulitungwa na mtu wa opera. George Frideric Handel alikuwa ametunga opera zaidi ya 40 kabla kazi yake ya Masihi, yenye wimbo huo, haijasikika kwa mara ya kwanza mjini Dublin mwaka 1742.

Visa vya nyumbani

Jambo la pili ni kwamba visa vya opera haviko mbali na maisha ya watu wa kawaida. Vingi ni mambo ya familia.

Rigoletto, iliyotungwa na Giuseppe Verdi na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Venice mwaka 1851, ni kisa cha baba mjane mwenye kibiongo anayeishi kwa kuwachekesha wakubwa ikulu. Anamjua vizuri bwana wake, mtawala anayeharibu mabinti za watu, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye huwadhihaki wazazi wa mabinti hao. Kwa hofu hiyo anamfungia binti yake, Gilda, ndani. Haruhusiwi kwenda popote isipokuwa kanisani. Hata jina la baba yake halijui, wala kazi anayofanya. Na ni huko huko kanisani ambako mtawala anamwona, kisha anamjia akijifanya mwanafunzi maskini.

Katika sehemu ya mwisho watu wanne wanaimba kwa pamoja. Mtawala anamtongoza mwanamke mwingine, mwanamke huyo anacheka, Gilda anachungulia kutoka nje akilia, na baba yake anaapa kulipiza kisasi. Katika mchezo wa kawaida, watu wanne wakisema kwa wakati mmoja hasikiki hata mmoja. Kwenye opera unawasikia wote, kila mmoja na lake.

Baadaye usiku huo baba anakabidhiwa gunia kando ya mto. Amemlipa muuaji, na anaamini ndani ya gunia imo maiti ya mtawala. Kabla hajalitupa majini, anasikia kwa mbali mwanamume akiimba wimbo mwepesi wa kuwasimanga wanawake kuwa ni vigeugeu. Ni sauti ya mtawala. Yu hai. Aliyemo ndani ya gunia ni Gilda, aliyejitoa afe badala ya mtu aliyemdanganya. Hakuna anayehitaji kujua Kiitaliano ili aelewe kinachotokea moyoni mwa baba yule anapousikia wimbo.

La traviata, ya Verdi huyo huyo, ilifuata mwaka 1853. Humo mzee Germont anamwendea Violetta, mwanamke anayeishi na mwanawe, kumwomba amwache kijana. Sababu yake ni kwamba sifa ya mwanamke huyo mjini inaweza kuvunja uchumba wa binti yake. Mzee si mkatili, anaomba kwa kubembeleza, na Violetta anakubali kwa machozi. Ni mazungumzo ambayo koo nyingi zimewahi kuyafanya, ila hapa yanaimbwa, na msikilizaji anajikuta anawahurumia wote wawili.

Mkataba wa baba na mwana

Mwimbaji wa opera aliyejulikana kuliko wote katika karne iliyopita ni Luciano Pavarotti, aliyezaliwa mjini Modena, kaskazini mwa Italia, Oktoba 12, 1935. Mama yake, Adele, alifanya kazi kiwanda cha tumbaku. Baba yake, Fernando, alikuwa muoka mikate mwenye sauti nzuri ya tenori. Familia ya watu wanne iliishi katika vyumba viwili.

Fernando angeweza kujaribu bahati yake jukwaani, lakini woga wa kusimama mbele za watu ulimzuia. Alibaki na mikate yake, akaimba kwaya, na kukusanya santuri za waimbaji wakubwa wa tenori wa zama zile, akina Enrico Caruso na Beniamino Gigli. Mtoto alikua akizisikiliza. Mwaka 1955 baba na mwana walikuwa pamoja katika kwaya ya Modena iliyokwenda kushindana Llangollen, Wales, na kurudi na ushindi wa kwanza. Luciano alisema baadaye kwamba safari ile ndiyo iliyomtia hamu ya kuwa mwimbaji wa kulipwa.

Baba alisita, kwa kuwa aliijua hatari ya kazi hiyo. Hatimaye wakakubaliana: kijana, aliyekuwa na miaka 19, angepewa chumba na chakula nyumbani bila kulipa mpaka atimize miaka 30. Ikifika hapo hajafanikiwa, atafute riziki kwa njia nyingine yoyote. Luciano akawa anafundisha shule ya msingi, kisha akauza bima, huku akijifunza kuimba kwa mwalimu Arrigo Pola, ambaye aliijua hali ya familia na hakudai ada.

Aprili 29, 1961, akiwa na miaka 25, alipanda jukwaani mjini Reggio Emilia kama Rodolfo, mshairi asiye na kuni za kuota moto katika La bohème ya Giacomo Puccini. Mkataba wa baba ulikuwa umebakiza zaidi ya miaka minne.

Mjini Modena, mwaka huo huo wa 1935, alizaliwa pia Mirella Freni, mmoja wa waimbaji wa soprano waliopendwa sana. Mama yake na mama wa Luciano walifanya kazi pamoja kiwandani, na watoto wao wakanyonyeshwa na mama mmoja wa kukodiwa. Walikuwa ndugu wa kunyonya, kama wasemavyo Waswahili. Freni alikuwa akitania kwamba ukiutazama mwili wa Luciano utajua ni nani aliyemaliza maziwa. Walipokua waliimba La bohème pamoja, yeye akiwa Mimi, binti mshonaji anayeugua kifua kikuu, na Luciano akiwa mpenzi wake.

Wapenzi wa soka nao wana sababu ya kumkumbuka Pavarotti. Julai 7, 1990, usiku wa kuamkia fainali ya Kombe la Dunia, aliimba mjini Roma pamoja na Plácido Domingo na José Carreras. Wimbo wa Nessun dorma, kutoka opera ya Turandot ya Puccini, ukajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kuingia ukumbi wa opera.

Gramafoni ikawa piano

Marian Anderson alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1897. Baba yake, muuza barafu na makaa ya mawe, alifariki dunia Marian akiwa bado binti mdogo. Mama, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, akawalea mabinti watatu kwa kufua nguo na kusafisha nyumba za watu. Marian alikuwa kwenye kwaya ya kanisa tangu akiwa na miaka sita. Alipokwenda kuomba nafasi katika shule ya muziki, alirudishwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Waumini wa kanisa lake ndio waliochanga fedha ili apate mwalimu wa sauti.

Mwaka 1939 alinyimwa ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington kwa sababu hiyo hiyo ya rangi. Aprili 9 mwaka huo akaimba nje, kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Lincoln, mbele ya umati uliokadiriwa kufika watu 75,000. Ilibidi asubiri hadi Januari 7, 1955 ndipo akawa mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa mhusika wa kuigiza katika Metropolitan Opera. Aliimba kama Ulrica, mpiga ramli katika Un ballo in maschera ya Verdi. Alikuwa anakaribia miaka 58, umri ambao waimbaji wengi wa opera wanafikiria kustaafu.

Alipoulizwa ni siku gani ilikuwa kubwa kuliko zote maishani mwake, hakuzitaja ngazi za Lincoln. Alitaja siku aliyomwambia mama yake kwamba sasa hana haja tena ya kufua nguo za watu.

Mwaka 1936 mkunga mmoja wa mji wa Laurel, jimbo la Mississippi, alimchukua binti yake wa miaka tisa hadi mji wa Jackson kumsikiliza Marian Anderson. Binti huyo alikuwa Leontyne Price. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha mbao. Miaka michache nyuma, wazazi hao walikuwa wameitoa gramafoni yao iwe malipo ya kwanza ya piano ya mtoto.

Januari 27, 1961, Price aliimba Metropolitan kwa mara ya kwanza, katika Il trovatore ya Verdi, na makofi ya mwisho yakadumu zaidi ya nusu saa. Jengo jipya la ukumbi huo lilipofunguliwa mwaka 1966, yeye ndiye aliyeimba nafasi kuu usiku wa kwanza. Mwaka 1985 aliliaga jukwaa hilo kwa Aida, opera iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Cairo mwaka 1871, inayomhusu binti wa mfalme wa Ethiopia aliyechukuliwa mateka Misri.

Tangazo la kwenye televisheni

Pretty Yende alizaliwa mwaka 1985 katika mji wa Piet Retief, Afrika Kusini, akaimba kanisani tangu utotoni. Alikuwa na miaka 16, akitazama televisheni na familia yake, lilipopita tangazo la shirika la ndege la British Airways. Muziki wake ulikuwa wimbo wa wanawake wawili kutoka Lakmé, opera ya Mfaransa Léo Delibes ya mwaka 1883. Hakujua kinaitwaje kitu alichokisikia. Kesho yake akamuuliza mwalimu shuleni, na akataka kujua kama binadamu anaweza kweli kutoa sauti ile. Mwalimu akamjibu kuwa ile ni opera, na kwamba inawezekana.

Uhasibu ukawekwa kando. Alisoma muziki Chuo Kikuu cha Cape Town, akashinda shindano la Belvedere mjini Vienna mwaka 2009 na lile la Operalia mwaka 2011. Januari 2013 aliitwa Metropolitan kwa dharura kushika nafasi ya mwimbaji mwingine katika Le comte Ory ya Rossini, akiwa na siku chache tu za kujifunza. Alipoingia jukwaani alijikwaa kwenye ngazi na kuanguka. Akainuka, akaimba, na ukumbi ukamshangilia. Mei 6, 2023 aliimba katika sherehe ya kutawazwa Mfalme Charles III wa Uingereza.

Nyumba isiyo na furaha

Si kila nyumba iliyotoa sauti kubwa ilikuwa na amani. Maria Callas, ambaye mashabiki wengi wa opera humweka juu ya wote, alizaliwa New York mwaka 1923 na wazazi Wagiriki. Mama yake alikitambua kipaji mapema na akamsukuma mtoto aimbe. Callas alipokuwa maarufu alieleza hadharani kwamba utotoni alijiona anapendwa pale tu alipokuwa anaimba, na kwamba ingefaa pawe na sheria ya kuwazuia wazazi wasiwanyang'anye watoto utoto wao. Alivunja uhusiano na mama yake, na hawakupatana mpaka alipofariki dunia mwaka 1977.

Mama huyo hakukosea kuhusu kipaji. Tofauti yake na Fernando Pavarotti ni kwamba Fernando alifanya makubaliano na kijana wa miaka 19 aliyejua anachokitaka. Na hata kama Luciano angeshindwa, angebaki kuwa mwanawe, aende akauze bima.

Kuanza kusikiliza

Anayeanza asijilazimishe kukaa na opera nzima. Wimbo mmoja kwa siku unatosha, na simu yenye bando inatosha. Ule wa Lakmé ni mwanzo mzuri kwa sababu una sauti mbili za kike: watoto wanaweza kushindana kutambua ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Baada ya hapo, Nessun dorma.

Kisha chagua kisa kimoja na ukisimulie kabla ya kukitazama. Opera haipotezi utamu kwa sababu mtu anajua mwisho. La bohème ina sehemu nne na muziki wake hauzidi saa mbili, hivyo familia inaweza kuitazama sehemu moja kila jioni. Tafsiri zinazopita chini ya picha mara nyingi ni za Kiingereza, na hapo mtoto wa sekondari anapata kazi ya kumsomea bibi. Kazi za Richard Wagner zisubiri. Moja yao, ya Pete, huchukua jioni nne na jumla ya saa 15 hivi.

Mwimbaji wa kumpenda hupatikana kwa kulinganisha. Wimbo wa Vissi d'arte kutoka Tosca ya Puccini umerekodiwa na Callas na pia Price. Callas anauimba kama mtu anayemdai Mungu jibu. Price anauimba kama sala ya mtu aliyezoea kusali. Nyumbani watu watagawanyika, na ubishi huo ndio raha yenyewe.

Kuhusu mtoto anayeimba kutwa, si kila mmoja atafika New York, na wala si lazima. Baba yake Luciano hakufika popote na sauti yake, lakini alifurahia kuimba, na mwanawe akasikia. Mpeleke kwenye kwaya. Muulize mwalimu wa kwaya anaonaje. Piano inaweza kusubiri. Leo jioni akianza, zima redio, msikilize mpaka mwisho wa wimbo.